Maji ya Wakwe

Jumamosi, tarehe 8 Juni 1996. Ukungu ulishuka alfajiri ukakaa bondeni, mpaka saa saba mchana hatujaona ng'ambo. Kahawa iliyoanikwa haikukauka. Baridi ya kuuma vidole.

Nilimeza dawa kwa mara ya pili kabla ya Pentekoste, na tangu hapo mkojo wangu ni mkojo. Kwa hiyo leo naweza kuandika. Mimi niliishia darasa la saba, na siku zote ninachoandika ni kwamba mvua imenyesha, kuku ametotoa, fulani amezikwa. Sina hakika kama naweza kueleza ugonjwa. Lakini watu wa huku milimani wanateremka ziwani kila mwaka, wengine kwa mambo ya ndoa, wengine kununua dagaa, na siku hizi biashara imekuwa huru kila mtu yuko barabarani. Hata wazungu wenye mabegi makubwa mgongoni wanashuka. Wote wanafika na joto na vumbi, wanayaona maji, wanavua viatu. Hao ndio ninaowaandikia. Nitajitahidi nisimwonee mtu, hata yule ambaye ningependa kumwonea.

Binti yetu Kandida aliolewa ufukweni, upande wa Mbaha. Mwaka jana, tulipomaliza kuchuma kahawa, likaja neno kwamba amekaribia kujifungua. Mama wa mtoto ndiye anayekwenda kukanda na kupika uji, hiyo haina mjadala. Nikafunga kanga zangu, unga wa ulezi na maharage, nikapanda gari mpaka Kitai. Lori la kuteremka ziwani lilikuwa limeharibika, nikalala pale gesti pamoja na akina mama wawili wa dagaa, chumba kimoja. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu baadaye lilitajwa sana, na walioliongea hawakuwataja wale akina mama wawili.

Wakwe zetu walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Mzee Yohana, baba wa mkwe wangu, alinisalimia akiwa amegeuza uso upande, kama adabu inavyotaka. Mkewe, Mama Ruti, alinipokonya mzigo akacheka, "Mkwe, umetuletea mlima mzima humu?" Jioni ile akanichukua kwenda kuoga.

Sasa hapa ndipo pa kueleza vizuri. Kule ziwani watu wanaoga ziwani, wanaume sehemu yao, wanawake sehemu yao, kwenye mchanga wazi ambako mawimbi yanapiga. Lakini mkwe hachanganywi na watu. Mzee Yohana anaweza kupita na wavu wake, akamkuta mama wa binti aliyeolewa na mwanawe akitoka majini na kanga imegandia mwilini. Ni aibu ambayo haifutiki kwa kuku wala kwa mbuzi. Kwa hiyo ukoo ule una mahali pake pa wageni wa heshima. Ni nyuma ya jiwe kubwa, pale kijito kinapoingia ziwani. Matete yamezunguka kama ukuta wa nyumba.

"Hapa ndipo kwenu, mkwe," Mama Ruti aliniambia. "Hata Baba Kandida alipokuja kuona binti yake anapolala, tulimleta hapa. Kule kwingine kuna macho ya watu, kuna mawimbi, na mamba mwaka mwingine anapita. Hapa hata mtoto mchanga hadhuriki."

Maji yalikuwa yametulia, vuguvugu, ukisimama unaona kucha zako. Mimi nimezaliwa kwenye baridi, maji yetu ya mto yanauma kama pilipili. Nilikaa mle mpaka Mama Ruti akachoka kunisubiri. Kwenye mabua ya matete walinata konokono wadogo weusi. Nilimbandua mmoja nikamwangalia kiganjani nikamrudisha. Nikasema moyoni, hawa watu wanajua kuheshimu mgeni.

Na ni kweli walijua. Hilo sitalifuta.

Usiku ule miguu iliniwasha, vipele vidogo mpaka mapajani. Kandida akasema, "Ni mchanga, Mama, hujazoea." Kesho yake ikaisha. Nikaendelea kuoga pale kila jioni muda wote niliokaa, wakati mwingine na mchana, nikifua na nepi za mtoto.

Kuna siku walifika wazungu wawili, kijana na msichana, na Mnyasa mmoja, mtu wa huko huko ziwani, wa kuwaongoza. Mama Ruti, kwa ukarimu wake, akamwonyesha yule msichana mahali pa wageni. Msichana akasogea, akayatazama matete, akarudi nyuma kama aliyeona nyoka. Akatoa kitabu kidogo mfukoni, akamwonyesha kiongozi wake. Yule kiongozi akatuambia, "Anasema kitabu chake kinakataza maji ya namna hii. Anaomba ndoo, na moto." Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Mama Ruti akasema, "Amevuka bahari yote, anaogopa kijito!" Nami nilicheka, tena kwa sauti. Yule msichana akaoga kwa ndoo nyuma ya jiko, akatushukuru, akaenda zake.

Nimemfikiria sana yule binti kuliko watu wengi ninaowajua. Simlaumu. Alituonyesha kitabu, sisi ndio hatukuuliza kimeandikwa nini. Lakini nauma midomo nikikumbuka kwamba kuna mtu aliketi kwao, mbali, akaandika habari za kijito kama kile ili mtoto wa kwao asidhurike, na hakuna aliyekuja kumwambia Mama Ruti.

Nilirudi nyumbani mvua za kwanza zikianza. Kabla ya Krismasi nikashikwa na homa, kikohozi kikavu, macho kuvimba. Zahanati wakanipa klorokwini ya malaria, nikawashwa ngozi yote. Homa ikaondoka. Nikapanda maharage, nikasahau.

Damu ilianza wakati wa Kwaresima. Kwanza tone la mwisho tu, pale unapodhani umemaliza, na maumivu kama ya kukojoa mchanga. Nikasema ni mwezi wangu unarudi, maana ulikuwa umeanza kunikatika. Mwanamke wa umri wangu ana visingizio vingi vya damu. Kisha ikawa kila mara, na chini ya kitovu pakawa pazito kama nimebeba debe la maji ndani. Nilianza kwenda msalani peke yangu, mbali, na kufukia. Nilikonda. Sketi ya kanisani niliifunga kwa pini. Na ndani ya nyumba, mambo ya mke na mume yakawa maumivu, na siku moja mume wangu Kaspari akaona damu kwenye shuka. Aligeukia ukutani.

Nikaenda zahanati. Lile benchi la nje nalijua kila msumari. Unakaa na watu wa kijiji chenu, kila mmoja anataka kujua umeletwa na nini, unasema mgongo. Mganga wa zamu alikuwa kijana, amechoka, watoto wanalia mlango mzima. Alinisikiliza nusu. Hakunipima, kwa sababu hapakuwa na cha kupimia, na hili nalisema kwa kumtetea. Akanichoma sindano, akasema nirudi kesho na keshokutwa. Halafu nilipokuwa natoka, akaniita mbele za watu:

"Mama! Ukija kesho, mlete na mwenzako."

Benchi zima likageuka kunitazama. Kila mtu mzima anajua ni ugonjwa wa aina gani unaoambiwa umlete mwenzako. Na miaka hii, na kifo hiki kilichoingia hata huku kwetu, mtu hasikii kisonono peke yake. Anasikia na kile kingine.

Nilimweleza Kaspari jioni hiyo. Alikuwa anatengeneza mashine ya kumenyea kahawa, hakuinua kichwa.

"Nije kufanya nini?"

"Wanasema mpaka wote wawili."

"Mimi siumwi." Akageuza mpini wa mashine, ikalia bure. "Kitai ulilala wapi?"

"Nilikwambia. Gesti. Na akina mama wa dagaa."

"Gesti," alisema. Basi. Alilirudia neno hilo tu, kama mtu anayeonja chumvi.

Hakuja. Nilimaliza sindano peke yangu na damu haikukatika.

Wifi yangu Gaudensia, dada mkubwa wa Kaspari, ni mjane, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mdomo wake hauna mlango, lakini nisiseme uongo, nilipojifungua mtoto aliyekufa ni yeye aliyelala na mimi sakafuni wiki nzima. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Alikutana na mimi njiani kutoka kisimani, akasimama pembeni kabisa anipishe.

"Wifi, shida gani?" nikamuuliza. "Njia haitutoshi?"

"Njia inatosha. Mimi ndio natunza wajukuu."

Sasa niseme juu ya sengu, maana msomaji anaweza kuwa si Mmatengo kama sisi. Kwetu ukoo unakula pamoja jioni kwa mkubwa wa ukoo. Kila mke analeta chakula cha jiko lake, na maneno yote ya ukoo yanasemwa pale, mikono ikiwa kwenye ugali. Wengi wameacha, kila mtu siku hizi na mlango wake na redio yake. Kwetu Baba mkubwa Otmari, kaka wa marehemu baba mkwe wangu, amekataa kuacha, ila imebaki Jumamosi tu. Hapo ndipo mwanamke anapojulikana ni mtu. Hakuna anayesema chakula chako kitamu. Bakuli lako linarudi tupu, umejua.

Jumamosi moja kabla ya Pasaka nilipeleka maharage niliyounga kwa karanga. Bakuli langu likarudi limejaa, na juu yake imeganda ngozi. Jumamosi iliyofuata nikapeleka mboga ya maboga. Ikarudi. Baba mkubwa Otmari, ambaye haoni vizuri, aliuliza, "La Mama Kandida liko wapi? Mbona sijalipapasa?" Gaudensia akamjibu, "Mama Kandida anaumwa, Baba, apumzike, asipike." Kaspari alikuwa pale. Alikuwa na mdomo. Aliutumia kutafuna.

Nilimwaga maharage yale kwa nguruwe. Sikulia, nilikuwa na aibu ya kulia. Hata mimi nilianza kujishuku. Nakwambia kweli, wewe unayesoma: mtu akitazamwa sana kama mwizi, anaanza kupapasa mifuko yake mwenyewe. Nilikaa nikiwaza, labda yale mashuka ya gesti. Labda sindano ya zahanati. Na usiku mwingine nilimshuku yeye. Kwa hiyo siwezi kumwambia Kaspari kwamba kushuku ni dhambi yake peke yake.

Baada ya Pasaka nilishindwa kutembea wima. Ndipo Kaspari alipokubali kunipeleka hospitali ya misheni. Alikubali, hilo nalo niandike. Alitafuta gari, akanibebea godoro.

Kwenye hospitali tulikaa siku tatu kabla ya kuonana na daktari. Wagonjwa wa mbali wanalala barazani, ndugu zao wanapika nyuma. Mama mmoja kutoka Kigonsera, mwenye uvimbe shingoni, aliniuliza naumwa nini, nikasema mgongo. Akacheka. "Humu wote tunaumwa mgongo, dada. Yule pale mgongo wake unatoka usaha sikioni." Nilicheka mpaka nikajishika tumbo. Halafu akanigawia nusu ya kiazi chake. Alijua, na alinigawia kwa mkono wake na kula iliyobaki. Kwa wengine ni kiazi tu.

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa Kandida. Niliona haya kumwamkia kama mtoto na niliona haya kutomheshimu kama mkubwa. Yeye akaniokoa, "Shikamoo, Mama." Akaniuliza yote bila kuangalia pembeni. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza.

"Mama, umewahi kuoga ziwani?"

"Ndiyo. Lakini si kwa watu. Nilipewa mahali pazuri."

"Pazuri vipi?"

Nikampa sifa zake zote: matete, utulivu, joto, wale konokono. Nikiwa naendelea kusifia niliona anaacha kuandika.

Akanipa chupa, akasema nisikojoe bado. Jua lifike utosini, kisha niruke ruke uwanjani kwanza, ndipo vinavyotafutwa viteremke. Basi mama mwenye mjukuu akaruka kamba isiyokuwepo mbele ya hospitali nzima. Yule wa Kigonsera akanipigia makofi, "Juu zaidi, dada, mgongo utoke!"

Jibu likawa kichocho. Daktari alisema si cha kitandani. Hakitoki kwa mume kwenda kwa mke wala kwa mke kwenda kwa mume. Kinatoka kwa wale konokono, kinaingia majini, kinapita kwenye ngozi, hata ukisimama dakika chache. Nilimwomba jambo moja tu. "Mwanangu, mume wangu yuko nje. Naomba umwambie wewe."

Kaspari akaitwa. Alikaa kwenye ncha ya kiti, kofia magotini. Daktari akaeleza vilevile alivyonieleza. Nilikuwa nautazama uso wake, nikingoja ufunguke. Haukufunguka. Daktari akamuuliza, kwa upole tu, kama sehemu ya kazi yake:

"Na wewe, Baba, umewahi kuoga pale?"

"Nilipokwenda kumwona binti. Siku chache."

"Umewahi kuona damu kwenye mkojo?"

Akazungusha kofia. "Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu palizi."

"Palizi ya juzi hii?"

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Ya mwaka jana," akasema.

Daktari aliandika. Yeye hakujua alichokisikia. Mimi nilijua. Palizi ya mwaka jana mimi sijateremka ziwani. Sijalala Kitai. Mimba ya Kandida hata haijasikika. Mume wangu alikuwa anaona damu yake mwenyewe karibu mwaka mzima kabla ya yangu, anaifukia mahali pake kama mimi ninavyofukia pangu, na aliponiona mimi na bakuli langu linarudi limejaa, alitafuna.

Dawa hospitalini ziliisha, tukazikuta duka la dawa la mtu binafsi. Zamani tungekufa tukisubiri, kwa hiyo na huo ubinafsishaji nao niupe haki yake. Ni vidonge vikubwa, unavimeza vyote kwa mara moja baada ya kushiba. Usivimeze na njaa. Mimi nilizunguka kama mlevi, tumbo likasokota, nikatapika kidogo, nikalala barazani siku nzima. Kaspari alimeza vyake nyuma ya majiko, mahali ambapo hapana mtu.

Njiani kurudi nilimuuliza. Tulikuwa nyuma ya lori, juu ya magunia ya mbolea, na hapakuwa na mtu karibu.

"Ulijua, Baba Kandida."

"Nilijua nini? Ningejua ni kichocho ningekaa hivi?"

"Ulijua kwamba si mimi niliyeanza."

Tukapita daraja. Halafu akasema maneno ambayo nitayaandika yalivyo, sitayapunguza wala kuyaongeza. "Niliogopa. Watu wakikuangalia wewe, hawaniangalii mimi."

Nimefikiria mara nyingi kama ningekuwa mimi ningefanya nini. Sipati jibu la kunipendeza, wala sipati jibu la kumtetea.

Wiki moja kabla ya Pentekoste Kandida alipanda na mtoto, naye akapimwa, akakutwa na chembe kidogo, maana na ufukweni kwenye mchanga si salama kabisa, daktari alisema hivyo. Akapewa dawa. Alileta habari kwamba mtoto atabatizwa mwezi wa saba, na ukoo wetu umealikwa. Gaudensia ameshashona gauni. Anakwenda na wajukuu zake wote.

"Watawaogesha wapi?" nikamuuliza Kandida, ingawa nilijua.

"Pale pa wakwe, Mama. Wapi kwingine?"

"Huwezi kumwambia baba mkwe wako?"

Alilia. "Nimwambie nini? Kwamba heshima yao ilituua? Watasema watu wa milimani wamewaona wao wachafu."

Tulikaa jikoni mchana mzima tukitafuta namna. Tukaipata: mgeni akifika aseme sisi wa milimani mifupa yetu imezoea maji ya moto, tunaomba ndoo jikoni. Hakuna mwenyeji atakayekataa kumchemshia mkwe maji. Maji yasipochemshwa, yachotwe mbali na matete na yakae siku mbili kwenye pipa lililofunikwa kabla ya kuogea. Na aliyekwisha kuoga asisubiri damu. Akirudi, miezi miwili ikipita, akapimwe, hata kama anajiona mzima. Hivyo ndivyo alivyosema daktari, nami nayarudisha kama nilivyoyapokea. Kandida mwenyewe, aliporudi, alipata moyo wa kumweleza Mama Ruti peke yake. Sijui walivyozungumza. Najua tu kwamba Jumatano gari la Kitai lililetea nyumba hii mfuko wa usipa wakavu, wale dagaa wa kwao, na ujumbe wa mdomo: "Tuliwapa mahali petu pazuri. Hatukujua."

Lakini ya Gaudensia na wajukuu zake singeweza kuyasema mimi. Ningesema, angeona najisafisha. Nilimwambia Kaspari: utasema wewe, kwenye sengu, kwa mdomo wako. La sivyo watoto wale wanakwenda kuingizwa mle, na mimi nitabaki nilivyo katika ukoo huu mpaka nife. Akasema atasema. Jumamosi ya kwanza mvua ilimzuia. Ya pili alikuwa na kikohozi.

Leo nilikaanga usipa wa wakwe na nyanya, nikabeba bakuli mwenyewe, nikakaa mlangoni, mahali ambapo Kaspari angeniona.

Alianza akiwa ametazama moto. "Watakaoteremka ziwani mwezi ujao, wasioge pale kijitoni. Maji yale yana ugonjwa. Mama Kandida aliupata pale."

"Hayo ni ya nani?" Gaudensia akauliza. "Ya daktari au ya mkeo?"

"Ya daktari."

"Daktari alikuwepo kijitoni?"

Wengine wakacheka. Nikaona kofia inaanza kuzunguka tena mikononi mwake. Nikasema moyoni, basi, imeishia hapo. Halafu akasema, chini sana, Baba mkubwa Otmari akalazimika kumwambia aongeze sauti, naye akaongeza:

"Na mimi ninao. Nilikuwa nao kabla yake. Yeye hajaleta kitu humu."

Hakuna aliyecheka. Gaudensia alimtazama mdogo wake muda mrefu, uso ukabadilika rangi mara mbili. "Kaspari," alisema, "na ukaniacha nimkimbie njiani?" Baba mkubwa Otmari akanyoosha mkono gizani kwake, akapapasa mpaka akapata bakuli langu, akachota.

Gaudensia hakuniomba radhi, na sitaandika kwamba aliniomba. Alivuta bakuli upande wa wajukuu zake, akawaambia, "Kuleni, mmenawa mikono?" Kisha akala na yeye.

Ukoo umekula ugali wa mahindi, maharage ya Gaudensia, mboga ya maboga ya jirani yake, na usipa wangu. Usipa ndio ulioisha kwanza. Kaspari aliniachia kipande cha ugali pembeni. Sikukigusa, nilirudi nyumbani nikala ukoko na mchuzi wa nyanya uliobaki kwenye sufuria, na nilishiba.